Mgagaa na Upwa: Kuunda Kidhibiti cha Mashine ya Gitaa

Najua kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili na insha za methali. Leo naomba ruhusa niwatembeze katika uwanja mwingine, uwanja wa nyaya, swichi na muziki. Huenda mtu akauliza, "Mambo ya fizikia yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili?" Jibu langu ni kwamba lugha isiyoweza kueleza kazi ya mikono ni lugha ya sherehe tu, na Kiswahili chetu si lugha ya namna hiyo.

Nitaeleza jinsi mimi na mjomba wangu tulivyounda kidhibiti cha MIDI, yaani kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu ambacho huiamuru mashine ya gitaa ibadilishe sauti. Kazi hii tuliifanya papa hapa Baba Dogo, kati ya viwanda na ploti zetu, kwa vifaa ambavyo mwanafunzi yeyote anaweza kuvitafuta. Wahenga walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi hatuna upwa, lakini tuna mabaki ya mabati na maduka ya mjini.

TATIZO LILIKUWA NINI?

Mjomba wangu ni kibarua wa kiwandani siku za wiki. Ijumaa na Jumamosi yeye ni mpiga gitaa. Bendi yao hupiga benga, rumba na nyimbo za harusi. Msidhani gitaa kwake ni mchezo. Pesa za gitaa ndizo zinazolipa kodi ya nyumba mwezi ukiwa mbaya kiwandani, na ndizo zinazonilipia chakula cha mchana hapa shuleni.

Gitaa la umeme peke yake hutoa sauti kavu. Ili sauti hiyo iwe na mwangwi, iwe nzito au iwe kali, hupitishwa katika mashine ya efekti. Ya mjomba ni ya zamani, aliinunua mkononi mwa mtu. Ndani yake mna sauti nyingi zilizohifadhiwa kwa nambari. Ukitaka sauti fulani unabonyeza vitufe vilivyo usoni mwa mashine hadi nambari yake itokee kwenye kioo.

Basi mwaka jana vitufe vikafa. Mpira ulio chini ya vitufe hivyo uliisha kwa uzee. Fundi aliifungua mashine, akatikisa kichwa, akasema kipuri chake hakitengenezwi tena. Mashine ilibaki imekwama kwenye sauti moja tu, nayo ilikuwa sauti ya mwangwi mwingi.

Kwa wimbo wa pole pole mwangwi si neno. Lakini ndugu msomaji, wewe unaijua benga. Gitaa la benga hudonoa noti moja moja, upesi, kila noti ikisikika wazi kama maharagwe yakimwagwa juu ya sinia. Ndivyo walivyopiga kina D. O. Misiani na Shirati Jazz yake. Ukizitia noti hizo mwangwi mzito, zinapandana na kuwa kelele, kama darasa ambalo mwalimu ametoka. Kiongozi wa bendi akaanza kumwita mpiga gitaa mwingine. Wikendi mbili zikapita bila mjomba kuitwa, kisha ya tatu.

Mjomba hakutaka kuitupa mashine. Aliigeuza nyuma, akanionyesha soketi ya mviringo yenye matundu matano. "Mpwa wangu," akaniambia, "hii kitu mdomo imefungwa, lakini sikio bado iko wazi. Tafuta vile tutaiongelesha." Soketi hiyo ndiyo sikio la MIDI.

MIDI NI NINI?

MIDI ni mpango wa mawasiliano baina ya vyombo vya muziki vya umeme. Kabla ya mpango huu, mara nyingi kinanda cha kampuni moja hakikuweza kusemezana na kinanda cha kampuni nyingine. Watengenezaji wengi walikuwa na lugha zao. Mwanzoni mwa miaka ya themanini watengenezaji kadhaa walikubaliana watumie lugha moja. Waliotangulia mbele katika jambo hilo ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Roland. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Marekani kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Japani, nacho kikaitika. Mwaka 2013 mabwana hao wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Kilichonivutia mimi ni kwamba lugha hii haikuuzwa. Mtengenezaji yeyote aliruhusiwa kuitumia bila kulipa ada. Ndiyo sababu mashine kuukuu ya mjomba na bodi mpya iliyotengenezwa miaka mingi baadaye zinaelewana. Hapa Baba Dogo ploti moja ina Mluo, Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Msomali, na wote wakikutana kwenye mfereji wa maji wanasema Kiswahili. MIDI ndiyo Kiswahili cha vyombo vya muziki.

Jambo moja tuliweke wazi. Waya ya MIDI haipitishi sauti hata kidogo. Hupitisha amri tu: "piga noti hii", "acha noti hii", "badili sauti, chukua nambari fulani". Sisi tuliihitaji hiyo amri ya mwisho peke yake.

AMRI INAVYOANDIKWA

Amri za MIDI ni nambari kuanzia 0 hadi 255, nazo zimegawanywa katika mafungu mawili. Kuanzia 128 kwenda juu ni vitenzi, yaani zinasema tendo. Kuanzia 0 hadi 127 ni maelezo ya tendo hilo. Kwa hiyo mashine ikipokea nambari inajua mara moja kama hiki ni kitenzi kipya au ni maelezo tu.

Kitenzi cha kubadili sauti ni 192. Mathalan ukituma 192 kisha 4, umeiambia mashine, "Badili sauti, chukua nambari 4." Lakini tahadhari! Hesabu ya MIDI huanzia sifuri, ilhali mashine nyingi huonyesha kuanzia moja. Ukituma 4, mashine ya aina hiyo itaonyesha 5 kwenye kioo. Kwa hivyo toa moja kwanza kabla ya kutuma.

Isitoshe, kuna chaneli 16, kama vile idhaa za redio. Kitenzi 192 ni cha chaneli ya 1, 193 ni cha chaneli ya 2, hivyo hivyo hadi 207 ambacho ni cha chaneli ya 16. Mashine husikiliza chaneli iliyowekewa, na kama haikuwekewa zote, nyingine huzipuuza.

Nambari hizi husafiri kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Kila nambari huchukua biti 10, maana kuna biti 8 za nambari yenyewe, moja ya kubisha hodi na moja ya kuaga. Piga hesabu: nambari mbili ni biti 20, na biti 20 kwa kasi hiyo hazifikishi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mguu wa mwanadamu hauwezi kuhisi kuchelewa huko.

VIFAA NA BEI

Kidhibiti kipya tulichouliza bei mjini kiliitishwa zaidi ya shilingi 30,000. Mjomba alicheka tu, tukatoka. Hivi ndivyo vifaa tulivyonunua wenyewe, vingi vyake katika maduka ya Luthuli Avenue:

Bodi ndogo ya aina ya Arduino Uno, iliyo nakala: shilingi 1,400.
Swichi nne za kengele ya mlango: shilingi 320.
Soketi moja ya MIDI yenye matundu matano: shilingi 60.
Plagi mbili za aina hiyo hiyo: shilingi 160.
Waya ya maikrofoni, mita 5: shilingi 350.
Resista mbili za omu 220: shilingi 10.
Lehemu na nyaya ndogo ndogo: shilingi 100.

Jumla ni shilingi 2,400. Mbao zilikuwa mabaki ya kitanda. Kisanduku tulikunjiwa na fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani kwa kipande cha bati alichokuwa nacho, naye alikataa pesa, akasema atachukua soda.

Mbona swichi za kengele? Swichi za miguu za wapiga gitaa ni ghali na hazipatikani kila duka. Lakini swichi ya kengele ya mlango hufanya kazi ile ile: ukiibonyeza inaunganisha, ukiiachilia inakata. Tatizo lake ni kwamba imeumbiwa kidole, haikuumbiwa kiatu.

HATUA ZA KUUNDA

Kwanza ni kanyagio. Tulikata vibao vinne, kila kimoja upana wa kiganja. Kila kibao kilifungwa bawaba upande wa nyuma na swichi ya kengele ikawekwa chini yake upande wa mbele. Kando ya swichi tulibandika kipande cha kandambili kuukuu. Mpira wa kandambili hukirudisha kibao juu mguu ukitoka. Halafu tuliweka kizuizi cha mbao kilicho juu kidogo kuliko pale swichi inapofika ikibonyezwa. Kwa njia hiyo uzito wa mtu huishia kwenye kizuizi, nayo swichi husukumwa kiasi kinachoitosha tu. Mjomba ni mtu wa kilo tisini na bado swichi zi hai.

Pili ni kuunganisha swichi na bodi. Mguu mmoja wa kila swichi huenda kwenye pini yake ya bodi, tulitumia pini 2, 3, 4 na 5. Mguu wa pili wa swichi zote huunganishwa pamoja na kwenda kwenye ardhi ya bodi, yaani volti sifuri. Ndani ya bodi kuna resista unazoweza kuziwasha kwa programu ili kila pini ikae juu, kwenye volti 5, wakati swichi haijabonyezwa. Ikibonyezwa, pini inashuka hadi sifuri. Bodi inaona mshuko huo na kujua kwamba kibao kimekanyagwa.

Tatu ni soketi ya MIDI. Hapa fungua macho! Matundu matano ya soketi hayakupangwa 1, 2, 3, 4, 5. Ukiyafuata kwa mzunguko ni 1, 4, 2, 5, 3. Tundu la katikati kabisa ni 2, na majirani zake wawili ni 4 na 5. Aidha ukiigeuza soketi upande wa kulehemu, kushoto inakuwa kulia. Ni afadhali kutafuta nambari ndogo zilizochongwa kando ya pini kuliko kubahatisha.

Tundu la 4 huunganishwa na volti 5 za bodi kupitia resista ya omu 220. Tundu la 5 huunganishwa na pini 1 ya bodi, ambayo ndiyo ya kutumia ujumbe, kupitia resista nyingine ya omu 220. Tundu la 2 huenda kwenye ardhi. Matundu 1 na 3 hayana kazi.

Nne ni waya wa kwenda kwenye mashine. MIDI inahitaji nyaya tatu tu, na waya ya maikrofoni ina tatu kamili: nyuzi mbili za ndani na wavu unaozizunguka. Nyuzi za ndani tulizipeleka 4 na 5, wavu tukaupeleka 2. Nne ya upande huu lazima ifike nne ya upande ule, na tano ifike tano. Waya kama huu usizidi mita 15.

KWA NINI OMU 220?

Wenzangu wa kidato cha tatu watafurahi hapa, kwa sababu Sheria ya Ohm tuliyoisoma darasani ndiyo inayojibu. Ndani ya sikio la mashine hakuna mahali ambapo waya wetu unagusana na saketi ya sauti. Mna kidude kiitwacho optokapla. Ndani yake, upande mmoja kuna taa ndogo sana na upande wa pili kuna jicho linaloitazama taa hiyo. Bodi yetu huwasha na kuzima taa, na jicho husoma. Umeme wetu unaishia kwenye taa, kinachovuka ni mwanga tu.

Faida yake ni kubwa. Mngurumo wa stima wa kidhibiti chetu hauwezi kupita kuingia kwenye muziki, na kidhibiti kikipata hitilafu, hitilafu hiyo si rahisi kuifikia mashine.

Taa hiyo inataka mkondo wa miliampea 5 hivi. Volti zetu ni 5. Taa yenyewe hula kama volti 1.6, zinabaki 3.4. Kuna resista mbili zetu na moja iliyo ndani ya mashine, zote za omu 220, jumla omu 660. Gawanya 3.4 kwa 660, utapata karibu ampea 0.005, ambazo ni miliampea 5. Hesabu iliponijia sawa kwenye daftari, nilielewa kwamba maswali ya kitabu hayakutungwa ili kututesa.

PROGRAMU

Programu niliiandika katika maabara ya tarakilishi baada ya masomo, kwa ruhusa ya mwalimu. Ni fupi, haijazi hata ukurasa mmoja. Kazi yake kwa Kiswahili ni hii:

1. Fungua mawasiliano kwa kasi ya 31,250.
2. Tazama swichi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kisha urudie tena bila kuchoka.
3. Ukiona swichi imebonyezwa, ngoja milisekunde 25 kisha uitazame tena.
4. Ikiwa bado imebonyezwa, tuma kitenzi cha kubadili sauti, kisha nambari ya sauti ya kibao hicho.
5. Usitume tena hadi mguu utoke.

Hatua ya tatu ina sababu. Vyuma viwili vya swichi vikigusana, hurukaruka kidogo kabla ya kutulia, kama mpira unaodunda sakafuni. Jicho letu halioni, lakini bodi huona mara nyingi ndani ya kufumba na kufumbua na kudhani umekanyaga mara kumi. Kungoja kidogo huipa swichi muda wa kutulia.

Kumbuka pia kuchomoa plagi ya MIDI unapopakia programu, kwa maana pini 1 hutumika wakati huo na mashine inaweza kupelekewa maneno yasiyo na maana. Programu ikishaingia, hubaki ndani ya bodi hata stima ikipotea. Sisi wa Eastlands tunajua umuhimu wa jambo hilo!

SIKU YA KUJARIBU

Kulikuwa na swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake. Mashine ilikuwa inasikiliza chaneli gani? Kwa kawaida ungebonyeza vitufe uone, lakini vitufe ndivyo vilivyokufa. Na tena, mashine nyingine huweza kuwekewa zisisikilize kabisa amri ya kubadili sauti. Kama yetu iliwekewa hivyo na mwenyewe wa kwanza, basi kazi yote ingekuwa bure na shilingi 2,400 zimekwenda na maji.

Niliandika programu ya pili ya kutafuta. Ilituma 192 na nambari moja ya sauti, ikangoja sekunde mbili, ikatuma 193, ikangoja, na kadhalika hadi 207. Tulikaa kwenye stuli nyumbani kwa mjomba, shangazi na watoto wakitazama mlangoni. Mimi nilihesabu kwa sauti. "Moja." Kioo kimya. "Mbili." Kimya. Mjomba alikuwa ameshika gitaa bila kulipiga. "Tatu." Nambari kwenye kioo ikaruka.

Mjomba alidonoa uzi mmoja. Sauti ilitoka safi, bila mwangwi. Hakusema lolote, akaanza kupiga benga, na shangazi akaanza kucheza na sufuria mkononi.

Chaneli ni ya tatu, hivyo kitenzi chetu ni 194. Mjomba alikuwa ameandika katika daftari lake la zamani nambari za sauti alizozipenda: 5, 12, 23 na 40. Nikatoa moja moja, nikaweka 4, 11, 22 na 39 kwenye programu. Kibao cha kwanza ni benga, cha pili rumba, cha tatu ni sauti ya kuongoza sebene, cha nne ni nyimbo za pole pole. Kidhibiti hakiwezi kutunga sauti mpya ndani ya mashine, kinaita tu zile zilizohifadhiwa. Kwa kazi ya Jumamosi zinatosha.

Sasa mjomba hubadilisha sauti katikati ya wimbo bila kuondoa vidole kwenye nyuzi, jambo ambalo hata vitufe vikiwa vizima hakuliweza. Kiongozi wa bendi amemrudisha. Juzi mpiga gitaa mwingine wa Lucky Summer alikuja kuuliza kama tunaweza kumuundia chake. Mjomba akamwelekeza kwangu, akisema, "Ongea na fundi."

NENO LA MWISHO

Ningependa wenzangu mwondoke na mambo mawili. La kwanza, kabla hujaitupa mashine iliyoharibika, igeuze utazame nyuma yake. Mara nyingi kilichokufa ni sehemu moja tu, na kuna mlango mwingine ulioachwa na waliyoiunda. La pili, usiogope neno geni. Optokapla ni taa na jicho. Chaneli ni idhaa. Ukiweza kumweleza shangazi yako jambo kwa Kiswahili akalielewa, ujue na wewe umelielewa.

Mwanafunzi anayetaka kuona programu yenyewe anitafute chini ya mwembe wakati wa chakula cha mchana. Aje na daftari. Na akija na swichi ya kengele, ataondoka akiwa amelehemu ya kwanza yake.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu